Dirisha la Mama Birika

Chumba cha chai katika kiwanda cha kushona sare kilikuwa chini ya ngazi, kwenye kona ambayo mjenzi, baada ya kumaliza kila kitu, hakujua aifanyie nini. Dari lilishuka pamoja na ngazi. Mlangoni mtu alisimama wima, mezani aliinama kidogo, na kufikia jikoni alikuwa kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Dirisha halikuwapo. Birika likichemka, mvuke ulizunguka humo kama mgeni asiyejua kuaga, kisha ukamrudia mpika chai usoni.

Mpika chai huyo, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Birika, alikuwa na miaka arobaini na kitu, mwembamba, mke wa kinyozi na mama wa watoto waliokwisha kumpita urefu. Kila asubuhi alitoka nyumbani mbio. Hakuwa na mapenzi yoyote na michezo. Jiko la kazini lilikuwa zito kushika moto, na mafundi wa cherehani walitaka wakiingia wakute chai tayari. Baada ya hapo alipanda na trei hadi ghorofa ya nne, akashuka, akapanda tena. Alikuwa na mwendo wake: viwiko vimebana mbavu, mikono mbele, macho kwenye vikombe, na magoti yakichapa kazi huko chini huku kiwiliwili kimetulia kana kwamba hakina habari. Hakumwaga hata tone.

Dirisha alikuwa akiliomba mwaka baada ya mwaka. Meneja hakuwahi kumkatalia. Alisema tu kwamba wataangalia.

Mwaka huo viwanda vya mji vilialikwa kwenye marathoni, kila kiwanda kitoe mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Mwanamke wa kiwanda alikuwa mhasibu, aliyejinunulia viatu vya rangi ya chungwa na kuvizungumzia tangu vikiwa dukani. Siku chache kabla ya mbio akateguka kifundo cha mguu akishuka kwenye mizani ya kujipimia uzito. Meneja alizunguka ghorofa zote kutafuta mbadala wake, na kila alikopita wanawake walikumbuka magonjwa yao. Alikuwa amerudi ofisini, ameshika kichwa, Mama Birika alipoingia na trei na kuuliza mbio zenyewe zina umbali gani.

Meneja akamwambia ni kilomita arobaini na mbili na ushee.

"Zina ngazi?"

"Hazina."

"Basi nitakwenda mimi."

Waliokuwamo ofisini walivunjika mbavu. Meneja alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi. "Ukishinda, Mama, lile dirisha nitakutobolea kwa mkono wangu mwenyewe."

"Umesema mbele ya watu," akajibu Mama Birika, akamwekea kikombe chake na kutoka.

Nyumbani mumewe alisikia habari hiyo akiwa na wembe kwenye kisogo cha mteja. Akausimamisha wembe, na mteja naye akasimamisha pumzi. Kinyozi akataka kujua kama mkewe anajua kweli kukimbia.

"Sijui, Baba Watoto. Lakini hilo dirisha nalitaka."

Mhasibu alimwazima vile viatu, kwa moyo mzito. Vilikuwa vikubwa, wakavijaza vitambaa vilivyobaki kwenye ukataji wa sare.

Siku ya mbio jua liliamka na hasira. Kipenga cha wanawake kilipolia, wenzake walitimka kama waliosikia nyumba zao zinaungua. Mama Birika aliondoka na mwendo wake ule ule, viwiko mbavuni, mikono mbele, amebeba trei isiyokuwapo. Watu waliojipanga kandokando ya barabara walimwagiza chai. Mmoja akataka yake isiwe na sukari. Yeye alikodolea macho vikombe vyake vya hewani, akapita.

Kwenye meza ya kwanza ya maji alifanya jambo ambalo hakuna mkimbiaji mwingine aliyelifanya: alisimama. Wengine walinyakua vikombe mbiombio, wakajimwagia nusu kifuani, nusu barabarani, na kikombe wakakitupa. Yeye alichukua kimoja, akanywa taratibu hadi mwisho, akakirudisha mezani na kushukuru. Maisha yake yote alikuwa hajaona mtu mwenye adabu akinywa huku anakimbia. Kwenye meza ya pili alikuta vikombe vimepangwa ukingoni kabisa, akavisogeza katikati kwanza ndipo akanywa. Meneja, aliyekuwa akifuata mbio ndani ya gari la waandalizi, aliona hayo na kujiinamia.

Lakini jua lilipopanda, wale wa mbele wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara akiulaumu mguu wake. Wa pili alikuwa anatembea kiuno kikiwa mkononi. Mama Birika aliwapita na kuwapa pole. Hakuwa ameongeza mwendo. Ni kwamba kiu haikuwa imempata.

Kufikia meza ya mwisho alibaki mbele yake msichana mmoja tu, mrefu, mwenye miwani ya jua, bingwa wa mwaka uliopita. Alikuwa anayumba. Mama Birika akanywa cha kwake, kisha akachukua kikombe cha pili, maana mtu mwenye kiu hapitwi hivi hivi, akamfuata nacho.

"Kunywa, mwanangu."

"Niache, mama. Sitaki."

Msichana akachomoka kwa hasira, akapiga hatua ishirini za kishujaa, kisha akasimama na kushika magoti.

Sasa Mama Birika alikuwa na kikombe kilichojaa mkononi. Kukitupa hakuweza. Meza ilikuwa nyuma. Na hapo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, miguu yake ilipata sababu inayoielewa. Kikombe kikatulia mbele ya kifua, macho yakatua juu ya maji, magoti yakaanza kuchapa kama vile ghorofa ya nne yote inasubiri na bosi amekwisha kuuliza mara mbili. Nyuma yake msichana aliinuka, akajikaza, akamkaribia kiasi cha kumhesabia pumzi. Mama Birika hakugeuka. Anayebeba kikombe hageuki.

Utepe ulikatika kwa vidole vilivyoshika kikombe. Kinyozi, aproni kiunoni, alisahau kushangilia. Meneja alikuwa amesimama hapo juani na suti yake, midomo imemkauka. Mama Birika akaenda moja kwa moja hadi mbele yake.

"Karibu maji, bosi."

Meneja akapokea, akachungulia ndani, hakukuwa na tone lililopungua, akanywa yote.

"Na dirisha?" akauliza Mama Birika.

Wiki iliyofuata kiwanda kizima kilijipanga kwenye ngazi kumtazama meneja na nyundo na tindo. Alitimiza ahadi kwa matofali matatu na kidole gumba kimoja. Yaliyobaki alimalizia fundi. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani na mahali meneja anapoegesha gari lake. Mama Birika alivuta kiti, akakaa mbele yake hadi birika likamwita, na mvuke ukatoka nje wenyewe bila kuaga.

Siku ya tatu meneja aliegesha gari, akagonga kioo. Alikuwa na wazo zuri: chai yake iwe inapitishwa hapo hapo, Mama asihangaike na ngazi.

Mama Birika alimshukuru kwa huruma yake, akafunga dirisha polepole.

"Chai inapanda juu, bosi," akasema kupitia upenyo uliobaki. "Mwakani nataka sinki."