Jiwe la Achari Ndani ya Amplifaya

Shangazi yangu Fusae alitumia ujana wake wote katika kiwanda cha Tanemura, hapa mjini Okaya, kwenye jengo lilelile ambamo mama yake alisokota hariri. Biashara ya hariri ilipokufa, mzee Tanemura alilinunua kwa bei ya kutupa. Akaanza na redio, kisha amplifaya, mashine za kukuza sauti ya santuri, za watu wa mfuko mwepesi: wanafunzi, makarani, wauza samaki. Siku hizi vijana wa Tokyo wanazisaka kama lulu. Enzi zile waandishi wa magazeti ya muziki walizibeza, na mpaka leo sijawasamehe.

Ikaja miaka ambayo watu walipima muziki kwa mikono. Mteja aliingia dukani, akashika amplifaya kwenye kona, akainyanyua kidogo. Ikiwa nyepesi, aliiacha na kwenda zake bila hata kuisikiliza. Makampuni makubwa yaliweka transfoma nene na nzito, lakini Tanemura hakuwa na ubavu huo. Akaamuru kila mashine ifungwe bamba la chuma chini, ambalo kazi yake ilikuwa kuwa zito tu. Wanawake wa kiwandani waliliita jiwe la achari, kama yale tunayogandamizia mboga ya nozawana iliyotiwa chumvi kwenye pipa majira ya baridi yakiingia. Aliyelifunga, skrubu nne kila mashine, alikuwa shangazi.

Mumewe Yasuji, fundi wa mikeka ya tatami, alijivunia mambo mawili: mikono yake na kazi ya mkewe. Alinunua amplifaya ya Tanemura dukani kama mtu yeyote, akaibeba mwenyewe mpaka ghorofani. Mgeni hakupewa chai kabla hajainyanyua.

"Inyanyue uone!" alikuwa akisema. "Kaitengeneza mke wangu hii. Humo ndani hamna ujanja ujanja."

Hapo shangazi alikumbuka ghafla kwamba ana kitu jikoni. Aliniambia mimi peke yangu habari ya lile bamba, na akaniapisha. Aliogopa kwamba Yasuji akijua, hatamwamini tena kwa neno lolote, na hilo lilimnyima raha miaka na miaka.

Kisha watu wakataka muziki wa kutia mfukoni, na Tanemura akafunga milango. Pale kilipokuwa kiwanda sasa ni duka kubwa la vyakula. Yasuji naye akazeeka, moyo ukamsumbua, na daktari akamkataza kupanda ngazi. Kitanda kilihamishiwa chini. Nilipokwenda na kikapu cha matunda ya kaki, nilimkuta kapanda huko huko alikokatazwa, ameikumbatia amplifaya akitaka kuishusha.

"Niachie mimi, mjomba," nikasema.

"Nilipokuwa naipandisha hapa ulikuwa unalowesha nepi. Kaa kando!"

Akavuta pumzi, akavuta tena. Mashine haikubanduka. Akakaa chini kwenye tatami aliyoifuma mwenyewe, akatazama viganja vyake.

"Basi, nimekwisha," akasema. "Mpeni mtu. Sitaki kuiona tena."

Shangazi alikuwa mlangoni.

"Hujakwisha wewe, mzee," akasema. "Humo ndani mna jiwe la achari."

"Jiwe gani?"

"Bamba la chuma. Halifanyi kitu. Lilikuwa la kuwazuga wanunuzi, na nimelifunga mimi kwa mkono huu."

Yasuji aliigonga ile mashine kwa ukucha.

"Kwa hiyo miaka yote hii nawanyanyulisha watu chuma?"

"Ndiyo."

"Na jirani yetu Isao, aliyeteguka kiuno akiinyanyua?"

"Na Isao."

Nilicheka, Mungu anisamehe, nikajikuta nacheka peke yangu. Uso wa Yasuji ulikuwa mwekundu.

"Lete bisibisi," Yasuji akasema.

Shangazi alifungua skrubu zote nne bila kuzitazama, vidole bado vinakumbuka. Yasuji akainyanyua ile mashine. Ikabanduka. Akashuka nayo kidato kwa kidato, mimi mbele yake nikirudi kinyumenyume nimdake akianguka, shangazi nyuma amelikumbatia bamba lake.

Chini tukaunganisha nyaya na kuweka santuri ya nyimbo za zamani. Yasuji alisikiliza upande mzima akiwa amefumba macho. Shangazi hakukaa. Alisimama kando ya kabati akisubiri hukumu, na mimi nilimwonea huruma.

"Sauti ni ileile," Yasuji akasema mwishowe.

"Ni ileile, mzee."

"Basi lirudishe hilo dude."

"La nini tena?"

"Niliyonunua mimi ilikuwa na skrubu zako nne. Hii yenye matundu si yangu."

Shangazi alilia waziwazi, bisibisi mkononi, na kila alipopata tundu machozi yalimfanya alipoteze.

Jumapili akaja Isao kumjulia hali mgonjwa. Yasuji hakupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Sauti ilitoka jikoni, na kwa mara ya kwanza ilikuwa ya shangazi.

"Isao! Inyanyue uone! Ila kunja magoti, baba, kiuno chako nakijua."