Bwana Mkojo

Usiku ule tulilala kwenye baraza ya kituo cha afya, mimi na binti yangu Cresensia, chini ya blanketi moja, tukingoja jua. Si la kuota. Kituo hakikuwa na umeme, na hadubini ya Bartolomeo, mpimaji wa pale, ilifanya kazi kwa kioo kidogo kinachoshika mwanga wa dirishani. Jua likizama, kazi yake imekwisha. Sisi tulifika likizama.

Nyumbani hatukuwa na pa kurudi. Siku moja kabla, mganga wa zahanati ya kijiji alimwandikia Cresensia kikaratasi: "Apimwe mkojo." Mwalimu mkuu akakisoma, akamwambia asikanyage shule mpaka jibu lije. Ilikuwa mwaka 1979, na kijijini kwetu maneno hayo yalikuwa na maana moja tu: msichana wa darasa la saba akipimwa mkojo, ana mimba. Kabla mtoto hajafika nyumbani na madaftari yake, habari ilikuwa imeshafika.

Mume wangu Martini ni fundi seremala, na Jumapili husoma masomo kanisani. Zamani kwetu Wairaqw, msichana aliyepata mimba bila mume hakulala tena chini ya paa la kwao, asije akaleta mkosi kwa watoto na ng'ombe. Martini huyu, aliyesema mila hizo alizitupa siku ya ubatizo, alizikumbuka zote jioni moja. Nilipotoka kumpokea mtoto, nikasikia komeo likifungwa nyuma yangu.

"Jibu likija tutaongea," alisema akiwa ndani.

Mtoto alikuwa anatetemeka kwa homa. Tulilala jikoni kwa jirani, na asubuhi jirani akatupatia chupa ya kuwekea mkojo. Tukashika njia ya Karatu, kwenye kituo cha afya, kwa miguu, tukisimama kila mara kwa ajili ya maumivu yake.

Bartolomeo nilimjua kwa jina la mtaani, Bwana Mkojo. Alikuwa mtu wa Mbulu, mwembamba, jicho la kushoto amelifumba kwa mazoea hata akiwa njiani. Alianza kazi kituoni akiwa mfagiaji. Daktari mmoja akamfundisha kutazama mkojo kwa hadubini, akabaki hapo hapo miaka kumi na mitano. Kwenye pombe alipewa kibuyu cha peke yake, ingawa alinawa mikono kuliko padri. Hata mkewe, akiulizwa kazi ya mumewe, alijibu, "Yuko serikalini," akabadili mazungumzo. Nami nilicheka pamoja na wenzangu. Naandika habari zake kwa sababu nilicheka.

Jioni ile alipokea chupa yetu, akaifungua, akainusa.

"Hii ilikuwa na nini?"

"Asali. Lakini niliisuuza."

Akaenda nje akaimwaga yote. Nilitaka kumrukia. Mwendo wa siku nzima, na mtoto alilia wakati wa kuutoa mkojo ule!

"Mama, umeniletea mkojo wa nyuki," alisema. "Ningeupima huu, ningemwandikia binti yako ugonjwa wa sukari. Angekatazwa chakula mpaka akonde, kosa la nyuki." Akanipa kichupa chake alichokichemsha mwenyewe. "Kesho, mkojo wa kwanza wa asubuhi. Ajisafishe. Wa mwanzo auache uanguke. Wa katikati ndio wangu."

Basi tukalala pale barazani. Cresensia aliniuliza mara moja tu, "Mama, na wewe unaamini?" Nilisema hapana. Lakini nilichelewa kusema, naye alisikia kuchelewa kwangu.

Asubuhi alitoa mkojo huku akiniuma bega. Na jua halikutoka. Ukungu ulishuka kutoka msitu wa Ngorongoro ukakaa juu ya bati, hata mti wa uani hatukuuona. Bartolomeo alitoka, akatazama juu, akautukana ukungu kwa Kiiraqw. Akarudi ndani, akachemsha sehemu ya mkojo kwenye taa ya spiriti. Ukageuka mweupe kama maziwa yaliyokatika. Mwingine akauzungusha kwenye mashine ya mkono mpaka mashapo yakatuama chini. Kisha akakaa. Saa nne mwanga ukapasua ukungu. Akarekebisha kile kioo, akainama muda mrefu.

"Njoo uone."

Niliona viduara vingi vimejazana kama ulezi uliomwagika.

"Huo ni usaha. Na hivyo vinavyochezacheza katikati ni vijidudu. Kibofu cha mtoto kinaungua, mama. Ana muda gani hivi?"

Majuma matatu. Cresensia aliniambia tangu mwanzo, nikamjibu anywe maji na asiseme mambo hayo mbele ya baba yake.

"Na mimba?" niliuliza.

Akainua kichwa, macho yote mawili wazi.

"Mimba gani? Kipimo cha mimba hapa hatuna. Hakijawahi kuletwa."

Niliketi. Mtoto wangu alifukuzwa shule na nyumbani kwa kungoja jibu la kipimo kisichokuwepo.

"Basi niandikie hapo kwamba hana mimba," nilisema.

"Siandiki nisichokiona."

"Andika, Bartolomeo! Mstari mmoja!"

"Siandiki." Akamgeukia Cresensia. "Shuleni unakwenda chooni mara ngapi kwa siku?"

"Siendi. Nabana mpaka nirudi nyumbani. Choo cha wasichana hakina mlango. Wavulana wanachungulia."

Bartolomeo akachukua kofia. Mganga wa kituo alimpa Cresensia vidonge, akanywa vya kwanza pale pale. Bartolomeo akampakia kwenye baiskeli yake, akaisukuma huku akitembea mpaka kijijini, mimi nikifuata nyuma na hasira zangu, nikimweleza habari za Martini, useremala wake na komeo lake.

Alasiri tulikuta mlango bado umefungwa. Mlango mzuri, wa mbao za mkangazi, Martini aliuchonga mwenyewe. Kijiji kizima milango ni yake: ya kanisa, ya nyumba za walimu, hata ya choo cha walimu.

Bartolomeo akagonga. "Hodi, Martini. Ni mimi, Bwana Mkojo."

Martini akauliza kutoka ndani, "Una jibu?"

"Ninalo. Mtoto ana usaha kwenye mkojo. Ana vijidudu. Anaumwa."

"Na lile jingine?"

"Lile jingine mimi sina cha kulipimia. Wewe ulilipima kwa chombo gani?"

Majirani walikuwa wameshasimama uani. Hakuna aliyecheka.

"Alibana mkojo majuma na majuma," Bartolomeo aliendelea, mdomo karibu na mbao, "kwa sababu choo chao hakina mlango. Fundi ni wewe."

Komeo likalia. Mlango ukafunguka, Martini akasimama pale.

"Ingia, mwanangu," alisema.

Cresensia hakusogea. Alinitazama mimi. Safari hii sikuchelewa.

"Ung'oe," nilimwambia Martini.

"Nini?"

"Huo mlango. Ung'oe uupeleke shuleni leo. Sisi tutalala wazi mpaka utengeneze mwingine."

Alitazama majirani, akamtazama Bartolomeo, akatazama mbao zake. Kisha akaingia ndani kutafuta bisibisi, na mlango akauacha wazi.