Kiboksi cha Shemeji

Yule fundi friji mtaa mzima ulimwita Nanikasema, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mwambie mvua inakuja, atakuuliza nani kasema. Mwambie mwanawe kafaulu, nani kasema. Akifunga karakana anatia kufuli mbili, anazivuta, anaondoka, halafu anarudi kuzivuta tena, maana huenda kuna mtu alikuwa akimtazama. Wateja walimvumilia kwa kuwa friji likishapita mikononi mwake halirudi tena. Lakini kuishi na mtu wa namna hiyo ni kazi, jamani, na mkewe aliifanya kazi hiyo miaka yote bila likizo.

Raha yake ilikuwa moja tu, boti ya rimoti aliyoichonga mwenyewe kwa ubao mwepesi na kuipaka rangi nyekundu. Kila Jumapili aliipeleka kwenye bwawa nyuma ya kiwanda cha matofali, akashindana na shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi cherehani mpole mwenye vidole vyembamba. Na kila Jumapili shemeji alimwacha nyuma. Nanikasema alishaamini kuna mchezo anachezewa, ila hajaujua bado.

Basi kiboksi chake cha mwendo kikaungua. Hicho ndicho kidude kinachokaa kati ya betri na mota na kuiambia mota izunguke kwa kasi gani. Shemeji kusikia, akaja na cha kwake cha akiba, kizima kabisa, akamwekea mezani. Bure.

Bure! Machale yakamcheza pale pale. Tangu lini mtu akampa nguvu anayeshindana naye?

"Ila ukifundishe kwanza rimoti yako," shemeji akamweleza. "Washa rimoti, sukuma kijiti cha mwendo juu kabisa, ndiyo uchomeke betri. Kikilia, vuta kijiti chini kabisa. Kitalia tena, basi, kimeshajua juu ni wapi na chini ni wapi."

"Kijiti kiwe juu kabisa, halafu nichomeke betri?"

"Ndiyo, shemeji."

"Mota si itaondoka na vidole vyangu?"

"Haizunguki, inasikiliza tu. Jumamosi nakuja, tutafanya wote."

Nanikasema akaitikia kwa kichwa, lakini moyoni alishatoa hukumu. Propela ya boti yake ilikuwa ya shaba, kainoa mwenyewe hadi inakata karatasi. Anataka nibaki na vidole vinne, huyu!

Akatafakari, akapata dawa. Kwenye rimoti kulikuwa na kiswichi kidogo cha kugeuza mwendo. Ukikigeuza, kijiti kikiwa juu boti inaona chini, na kikiwa chini boti inaona juu. Akakigeuza kimya kimya. Shemeji akisema sukuma juu, yeye atasukuma kama mtoto mtiifu, na boti haitapata moto wowote. Tuone mtego utamnasa nani! Alijisifu kutwa nzima, peke yake, ndani ya mafriji ya watu.

Jumamosi shemeji akaja. Boti ikalazwa kifudifudi juu ya kigoda sebuleni, ikafungwa kwa mkanda. Mke wa Nanikasema alikuwa kwenye kochi akikunja nguo zilizotoka kamba.

"Tuitoe propela kwanza," shemeji akasema.

"Ahaa!" Nanikasema akaruka. "Itolewe ya nini? Si ulisema haizunguki?"

"Ni tahadhari tu, kila mtu hufanya hivyo."

"Nani kasema? Sema kweli, bwana. Kiboksi hiki umekichezea!"

Shemeji aliumia, mtu angeweza kuliona hilo usoni mwake waziwazi. Alimtazama dada yake, akamtazama Nanikasema, kisha akakunja mkono wa shati na kuizungushia propela vidole vyake, vile vile vinavyolisha watoto wake.

"Haya. Sukuma juu, uchomeke."

Nanikasema akasukuma, akachomeka. Kiboksi kikalia.

"Mbona mlio wenyewe siyo ule?" Shemeji alikunja uso. "Lakini sawa. Sasa vuta chini."

Dole gumba lilikuwa tayari juu ya kijiti. Hapo ndipo akili ya Nanikasema ilipomrudia. Chini! Alikuwa amefikiria juu tu, juu peke yake, hakufika kwenye chini. Kwa kiswichi kile, chini ndiyo moto wote wa betri.

"Toa mkono," akasema.

"Sitoi. Leo utaniamini."

"Toa mkono, shemeji, nakuomba!"

"Nimekwambia sitoi! Umenisema mbele ya dada yangu. Vuta!"

Nanikasema akaitupa rimoti kwenye kochi, akazishika nyaya za betri kwa mikono miwili na kuzing'oa. Akakaa chini sakafuni, na maneno yakamtoka yenyewe, kiswichi, juu, chini, yote. Shemeji alisikiliza hadi mwisho huku vidole bado viko kwenye shaba. Kisha akavitoa kimoja kimoja, polepole, kama anavitoa kwenye kitu cha moto.

Akaichukua rimoti, akakirudisha kiswichi. Akaitoa propela, akafanya kama alivyoeleza tangu mwanzo, kijiti juu, betri, mlio, kijiti chini, mlio. Mota haikutikisika. Alipogusa kijiti kidogo tu, ikaanza kuzunguka taratibu, laini, bila kukwaruza.

"Kimeshika," akasema. Alishusha mkono wa shati, akafunga kifungo. "Nikuulize kitu kimoja, shemeji. Kama nisingeweka mkono wangu pale, ungeniambia?"

Nanikasema alifungua mdomo. Alitaka kusema ndiyo, Mungu anajua alitaka.

"Asingekuambia, kaka," mkewe akajibu, na akaendelea kukunja nguo.