Mama Mkwe Kwenye Maji Moto

Mama yangu amelima pamba Kishapu maisha yake yote, na magoti yake yamechoka kabla yake. Mwaka jana jirani alimwambia kuna chemchemi za maji moto upande wa Mara, ukiloweka miguu unarudi unatembea kama msichana. Mama si mtu wa kuomba kitu. Safari hii aliomba.

Mume wangu, mnunuzi wa dhahabu kule Rwamgasa, aliposikia safari akajifanya dereva. Nikamwambia atafute mtu mwingine, yeye ni mkwe. Akacheka. Yeye ni mtu wa kuja. Kwao mkwe na mama mkwe wanakaa sebule moja wakitazama taarifa ya habari. Kwetu Usukumani mama hampi mkwe hata mkono, sembuse kumfunulia magoti.

Njia nzima mama alikaa kiti cha nyuma, kitenge kimemfunika hadi usoni, asile hata ndizi. Nilivumilia nikijua tukifika mume wangu atatafuta pa kwenda.

Mvuke ulikuwa unapanda kati ya mawe. Mwongozaji akatueleza habari za volkano za kale, akatuchemshia mayai kwenye kidimbwi. Chini kidogo, maji yalikopoa, wanawake walikaa ukingoni wamepandisha khanga, wanacheka. Mama akawatazama, akavua ndala. Kisha akageuka, akamwona mkwe amesimama na simu yake. Akazivaa tena.

"Nenda ukakae kwenye gari," nikamwambia mume wangu.

"Nimeendesha tangu alfajiri, nami nitembee nione. Kwani namwangalia mama yako?"

"Huhitaji kumwangalia. Kuwepo kwako kunatosha."

"Huo ni ushamba," akasema, akamenya yai.

Nilitamani kumtumbukiza yeye kwenye kile kidimbwi. Kisha akajifanya mwema. Akamfuata mama, akamwamkia shikamoo, akamnyooshea mkono amsaidie kushuka majini. Mama akachuchumaa palepale njiani, na magoti yale, akajifunika kitenge kichwa kizima. Watalii wakageuka kutazama. Nilimvuta mume wangu shati mbele ya watu na sikuona aibu.

Mama alirudi kwenye gari bila kulowa hata kidole. Mimi nikajaza maji kwenye dumu.

Tulifika Kishapu yamepoa kama ya kisimani. Nikayabandika jikoni, nikayachemsha upya kwa kuni, nikamwekea kwenye beseni. Akatia miguu, akafumba macho.

"Usimseme mkwe wangu, ng'wanone, mwanangu," akasema. "Ametuendesha vizuri."

Nikafungua simu yangu. Mume wangu alikuwa ameshaweka picha mtandaoni: mvuke, mawe, na mama amechuchumaa chini, kitenge kichwani. Juu yake ameandika: "Siku njema na mama mkwe."