Magazeti ya Ukutani

Nilipoolewa, katikati ya miaka ya themanini, mume wangu alikuwa tayari ameajiriwa katika karakana moja Mombasa. Alikuja Kisumu wakati wa Krismasi, akamaliza mambo ya mahari kwetu, akakaa nami wiki tatu, akarudi kazini. "Nikipata nyumba nzuri nitakuita," aliniambia pale kituo cha basi. Nilimwamini. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja.

Aliniacha katika boma la mama yake, nyuma ya mtaa wa Kondele, pale nyumba za kupangisha zilipokuwa zinakwisha na mashamba ya mahindi yanaanza. Boma lilikuwa na nyumba mbili za udongo, mabati juu, milango imetazamana. Moja ilikuwa ya mama mkwe wangu, ambaye alikuwa mjane. Nyingine ilikuwa yetu, ingawa viatu vya mwanamume vilionekana humo mara moja kwa mwaka.

Mimi ni mzaliwa wa Sondu, kwa hiyo mama mkwe aliniita Nyar Sondu, binti wa Sondu, kama ilivyo desturi yetu Wajaluo. Nami nilimwita Mama. Zaidi ya hapo hatukuwa na mengi ya kuambiana. Aliuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye. Alitoka kabla jua halijachomoza na kurudi alasiri amechoka, miguu imejaa vumbi. Mimi nilibaki na jembe, kuku, na redio isiyo na betri. Kuna siku neno langu la kwanza kutoka kinywani, saa sita mchana, lilikuwa la kufukuza kuku.

Kila mwaka Krismasi ikikaribia, Mama alikandika nyumba yake upya. Kuta za ndani zikikauka alizibandika magazeti. Magazeti yaliziba nyufa, yalizuia udongo kudondokea chakula, na yalileta mwanga ndani ya nyumba yenye dirisha moja dogo. Mume wangu ndiye aliyeyatuma kwa basi: gunia zima la magazeti ya ofisini, majarida ya rangi, na kalenda za mwaka uliokwisha.

Mwaka wangu wa kwanza Mama aliniita nimsaidie. Alinionyesha namna ya kupika gundi: unga wa ngano na maji, unakoroga motoni hadi iwe nzito kama uji wa mtoto, kisha unatia mafuta ya taa kidogo ili mende wasije wakaitafuna. Tulipaka kwa kitambaa. Karatasi ikilowa sana inachanika. Ukipaka haraka haraka inabaki na mapovu. Picha za rangi zilibandikwa ukuta unaotazama mlango, ambapo mgeni angeziona akiingia. Karatasi za maandishi matupu zilikwenda nyuma ya kitanda na nyuma ya masufuria.

Nilibandika ukurasa wa mpira bila kuangalia. Mama akaja, akautazama, akaweka mikono kiunoni.

"Nyar Sondu, huyu mtoto wa watu amekukosea nini hata umsimamishe kwa kichwa?"

Nilicheka. Naye akacheka. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kucheka pamoja, na nilikuwa nimeishi katika boma lile karibu mwaka mzima.

Kisha akaweka kidole kwenye maandishi chini ya picha. "Hapa wanasemaje?"

Ndipo nilipojua kwamba hajui kusoma. Mimi nilikuwa nimefika kidato cha pili kabla karo haijanishinda. Nikasoma Kiingereza chao na kukigeuza kuwa Kijaluo papo hapo. Alisikiliza kwa makini.

Tangu siku hiyo, akirudi kutoka Kibuye na kuosha miguu, aliketi kwenye kigoda chake na kuelekeza mwiko ukutani. "Leo pale," angesema, nami ningekwenda kusoma pale. Mara nyingi habari ilikatizwa na karatasi nyingine iliyobandikwa juu yake.

"Halafu?"

"Imeishia hapo, Mama."

"Haiwezi kuishia hapo. Mtu alikuwa mbele ya hakimu. Alifungwa au aliachiliwa?"

"Aliachiliwa," ningesema.

"Afadhali. Yule uso wake haukuwa wa mwizi."

Ukurasa mmoja tu haukuruhusiwa ukutani, ule wa matangazo ya vifo. Mama alisema hawezi kulala akitazamwa na marehemu. Lakini pia hakukubali niwashie moto nyuso zile, wala hakuwafungia wateja omena kwa ukurasa ule, ingawa Kibuye nzima ilifunga omena kwa gazeti bila kuuliza. "Hawa wana watu wao," alisema. Alinitolea rejista ya zamani ya shule ya msingi, kubwa, yenye jalada gumu, ambayo marehemu mumewe, aliyekuwa bawabu wa shule, aliwahi kuletewa na mwalimu ili awashie jiko. Tukawa tunakata matangazo kwa mkasi, moja moja, na kuyabandika humo juu ya majina ya wanafunzi wa zamani.

Kazi hiyo tuliifanya Jumatatu, siku ambayo hakwenda sokoni. Kwa kila marehemu aliuliza swali lile lile: "Aliacha nani?" Nami ningesoma orodha: mume wa fulani, baba wa fulani na fulani, kaka wa fulani, baba mkwe wa fulani wa Nakuru. Orodha ikiwa ndefu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ikiwa fupi aliniambia nipake gundi ya kutosha kwenye pembe.

Nyumbani kwangu nilitengeneza pazia. Nilikata kalenda vipande virefu vyembamba, vipana upande mmoja na vyenye ncha upande wa pili, nikavizungusha kwenye waya wa mwavuli uliovunjika hadi vikawa shanga. Nilizipaka gundi, nikazianika kwenye ungo, nikazitunga kwa uzi wa nyavu. Pazia la mlango mmoja lilinichukua miezi minane. Upepo wa ziwa ukivuma mchana lilitoa sauti ndogo, nami nilikuwa nikiinua kichwa nikidhani kuna mtu anaingia.

Mume wangu alipokuja Krismasi hiyo alilipita kama mtu anayekimbia mvua, akauliza maji ya kuoga yako wapi.

Mwaka uliofuata hakuja. Aliandika kwamba kazi ni nyingi. Gunia la magazeti pia halikuja. Barua zake, ambazo zamani zilijaa kurasa mbili, zilipungua zikawa mistari mitano, ya mwisho ikiwa ya kumsalimia Mama. Nilienda Kibuye mwenyewe nikanunua magazeti ya kilo kutoka kwa mwanamume aliyewauzia wachuuzi, nikayabeba kichwani hadi nyumbani.

Jumatatu moja tulikuwa tumekaa kwenye mkeka, rejista katikati yetu. Nilikata tangazo la mzee mmoja wa Pwani, mwenye kofia na miwani mizito.

"Huyu anaonekana mtu wa kusali," Mama alisema. "Aliacha nani?"

Nilianza kusoma. Mume wa fulani. Baba wa watoto sita, nikawataja. Kisha nikafika kwa wakwe. Baba mkwe wa, na hapo palikuwa na majina yote matatu ya mume wangu, na jina la karakana yake, na neno Mombasa.

Nilisoma kimoyomoyo mara mbili. Kisha kwa sauti nikasema, "Baba mkwe wa mtu mmoja."

"Mtu mmoja hana jina?"

"Limefutika, Mama."

Alinyoosha mkono akachukua kile kipande cha karatasi. Alikileta karibu na macho, akakipeleka kwenye mwanga wa mlango. Kidole chake kilishuka polepole kwenye mistari, kikasimama. Kilisimama pale hasa.

"Kusoma sijui," alisema. "Lakini jina la mwanangu nalijua lilivyo. Liko nyuma ya kila bahasha aliyotuma."

Nilimwangalia. Hakushtuka. Hilo ndilo nililoliona kwanza, kwamba hakushtuka.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Alipokuja mara ya mwisho aliniambia. Kuna mtoto pia."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

Gundi ilikuwa inaganda kwenye kitambaa mkononi mwangu. Aliitazama kama mtu anayetafuta kazi ya kufanya. Mwishowe akasema, "Ungeondoka. Mimi ningebaki na nani?"

Kuoa mke wa pili halikuwa jambo geni kwetu. Babu yangu alikuwa na wake watatu, na wote walijuana, walilimiana na kugombana. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeketi pembeni ya mwanamke huyu Jumatatu kwa Jumatatu, nikimsomea ndugu za watu nisiowajua, naye anajua lililo langu. Nilikuwa nadhani katika boma lile kuna watu wawili. Siku hiyo niliona kwamba nilikuwa peke yangu tangu mwanzo.

Nilifunga nguo zangu kwenye leso, nikapanda gari la Sondu. Mama hakunizuia. Alisimama mlangoni na kisu cha samaki mkononi hadi nikapotea.

Nyumbani Sondu wazazi wangu walikuwa wamefariki, na kaka yangu ndiye aliyekuwa na boma. Walinipokea vizuri. Mke wake alinipikia kuku siku ya kwanza, kama anavyopikiwa mgeni. Chumba changu cha zamani kilikuwa na magunia ya mahindi, nikalala na watoto wao. Wiki ya tatu kaka yangu alikuja nikiwa mtoni nafua, akachuchumaa karibu nami.

"Si kwamba nakufukuza, dada yangu," alisema. "Nauliza tu, utarudi lini?"

Nikajibu kwamba nilikuwa nimepanga kurudi Ijumaa. Sikuwa nimepanga lolote.

Nilipoingia katika boma letu nyuma ya Kondele sikumkuta Mama nje. Alikuwa ndani, juu ya kigoda, anabandika. Alikuwa ameanza ukuta wa nyuma ya kitanda bila mimi na kufika nusu. Picha zote zilikuwa wima. Lakini kurasa za maandishi matupu, ambazo hazikuwa na uso wa kumwelekeza, karibu zote zilikuwa zimebandikwa juu chini.

Aligeuka akaniona.

"Nimekosea?" aliuliza, akionyesha ukuta.

"Hapana, Mama. Zimekaa sawa."

Nikatua mzigo, nikachukua kitambaa.

Niliishi naye miaka minne mingine. Hatukulizungumzia tena lile jambo. Jioni alipoelekeza mwiko kwenye kurasa zile zilizopinduka, sikujaribu kuzisoma. Nilibuni habari kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilimbunia mwalimu aliyepotea njia akaokolewa na wavuvi, na mjane aliyejenga nyumba ya ghorofa kwa kuuza mayai. Alizipenda sana hizo. Sijui kama alijua. Mara moja tu alisema, "Siku hizi magazeti yana habari nzuri."

Mwanzoni mwa miaka ya tisini miguu yake ilianza kuvimba, kisha kifua kikambana. Aliacha kwenda Kibuye. Alifariki wakati wa mvua za masika, asubuhi, nikiwa nimetoka kumtilia chai.

Mume wangu alikuja na mke wake na watoto wawili. Alikuwa amenenepa, na alinisalimia kwa mkono, kama karani. Mke wake alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria, mwenye macho ya uchovu. Siku ya pili baada ya mazishi tulijikuta wawili tu kwenye rundo la masufuria makubwa ya kuazima, tukiyasugua kwa majivu.

"Dada," alisema bila kuinua uso, "mimi niliambiwa mliachana zamani."

"Na mimi sikuambiwa chochote."

Alisugua kwa muda. "Basi tumepewa nusu nusu," alisema. Tulimaliza masufuria yote, nikamwonyesha kamba ya kuanikia nguo za watoto.

Kabla ya kuondoka mume wangu aliniita chini ya mwembe wa jirani, mbali na watu. Alisema nikae tu pale, niliangalie boma, yeye atakuwa anatuma cha kutuma.

"Na wewe utakuwa unakuja?" niliuliza.

"Nafasi ikipatikana."

Nilikaa hadi siku za matanga zilipokwisha, kisha nikaliacha boma. Jamaa walichoma vitu vya zamani vya marehemu, mkeka, kigoda kilichovunjika, na rejista pia, kabla sijajua imo kwenye rundo. Kwa desturi nyumba ya mama aliyekufa haikarabatiwi; inaachwa ianguke yenyewe. Mwaka uliofuata nilipita pale nikaona udongo wa ukuta mmoja umeporomoka mvuani, na magazeti yamebaki yamesimama yenyewe, tabaka juu ya tabaka, nene kama ubao. Sikuingia.

Nilipanga chumba Kondele. Shule moja ya chekechea ilikuwa inatafuta msaidizi, na mwalimu mkuu, mama mmoja mpole, aliniuliza ninajua kufanya nini. Nikasema najua kukata na kubandika. Nilidhani atanicheka, lakini aliniajiri. Nilitengeneza herufi kwa katoni za sabuni, hesabu kwa vizibo vya soda, na saa ya ukutani kwa sahani ya karatasi, yenye mishale ambayo watoto waliweza kuizungusha. Waliniita Mwalimu. Saa sita na nusu wazazi wao walikuja kuwachukua, na vyumba vikanyamaza ghafla.

Mume wangu aliandika mara moja kuuliza kuhusu boma. Sikujibu, naye hakuandika tena.

Jumamosi ndizo zilizonishinda. Chumba kilikuwa kidogo, kikafagiliwa kwa dakika tano. Nikaanza tabia ya kwenda ufuo wa Dunga kwa miguu, kutazama mashua zikitia nanga, kisha kununua samaki wa chakula cha jioni. Mwanamke aliyeniuzia alikuwa amezoea wateja wa familia kubwa, na siku ya kwanza alikwisha kunipangia watatu kwenye jani.

"Mmoja tu, Mama," nilimwambia.

"Mmoja?" Aliniangalia, akatafuta kwenye karai hadi akapata ngege mdogo. "Huyu basi. Huyu atakutosha."

Nikamlipa, nikaanza safari ya kurudi kabla jua halijawa kali.