Jivu la Msonobari

Nilipoishi na dada yangu kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba, Rongai, nilimwahidi sabuni ya kufulia nguo za kanisani. Alinipa mafuta yote ya kondoo aliyokuwa ameweka. Jivu nilichukua kwenye kiwanda cha mbao, la msonobari, nikalimwagia maji na kulichuja, nikachemsha maji yake na mafuta kutwa nzima. Hayakushikana. Nikaongeza kuni kwa hasira.

“Umejaribu yai?” dada akauliza. “Maji ya jivu yakiwa makali, linaelea.”

Nilitumbukiza moja kwenye maji yaliyobaki. Likazama.

“Hata mboga hatulainishi kwa jivu la msonobari, msomi wa darasa la tatu! Jivu kali ni la mabua ya maharagwe, na si yamejaa hapo nje?”

Jumapili alivaa nguo zilizofuliwa kwa maji matupu.