Asubuhi Gari Lilipowaka

Gari langu lilikuwa likilala zima na kuamka maiti. Jioni naliegesha uani kwetu mtaani Mutakura, injini ikinguruma vizuri; asubuhi nazungusha ufunguo, linajibu "tik", basi. Ningelivumilia kama si mama, ambaye figo zake zimechoka na lazima afikishwe hospitali kusafishwa damu. Teksi zimekuwa adimu tangu petroli ianze kutafutwa kama dawa. Zamu mbili zilikuwa zimeshatupita.

Kwa kuwa nimesoma chuo kikuu, nilianza kwa kununua betri mpya. Nayo ikafa.

"Ee Profesa," jirani alisema akinisaidia kusukuma, "hii gari inakunywa usiku kuliko mi!"

"Sukuma," nikamwambia.

Hatimaye nikaazima mita ya umeme, nikaiunganisha kati ya betri na waya wake wa hasi, gari likiwa limezimwa. Umeme ulikuwa ukivuja. Nikachomoa fyuzi moja moja: redio, taa, honi. Mshale haukutikisika. Mwishoni nikafungua waya mnene wa alternata, ile mashine inayochaji betri gari linapotembea, na mshale ukaanguka hadi sifuri. Kumbe kilichoilisha mchana ndicho kilichoinyonya usiku. Nilijipongeza kwa sauti, peke yangu, mikono myeusi kwa grisi.

Spea haikupatikana mjini. Sikujali: jioni nafungua waya wa betri, asubuhi naurudisha. Siku ya zamu ya mama, gari likawaka papo hapo. Nikapiga honi kama anayeleta bibi harusi.

Hakutoka. Nilimkuta ameketi kitandani, bado amejifunga kitenge cha kulalia.

"Mama, gari imewaka! Twende."

"Nimesikia."

"Basi vaa."

"Apana, mwanangu. Mi nimechoka na ile mashine yao. Kila asubuyi gari ikikataa, nilikuwa namushukuru Mungu. Nilisema, leo amenihurumia." Akaitazama mikono yangu. "Nani alikutuma uitengeneze?"

Kazi yangu ni kuandika hoja. Nikaificha mikono mgongoni. Nje injini iliendelea kunguruma, ikila petroli niliyoipangia foleni siku nzima, nami nikabaki mlangoni, nikiogopa kwenda kuizima, maana angejua nimekubali asiende.